Hei kwa ng'ombe wa Lubumbashi: mikono, farasi, maksai au trekta?

Mwezi wa nane, ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga au ya Kipushi, pale ambapo moto haujapita utaona majani kila upande, marefu kumzidi mtu, na katikati yake ng'ombe ambao mbavu zao zinahesabika. Matumbo yao yamejaa. Lakini majani ya porini yakishakomaa na kukauka yakiwa yamesimama, protini yake hushuka hadi asilimia 3 au 4, na ng'ombe anahitaji angalau 7 hivi ili vijidudu vya tumboni mwake viweze kumeng'enya alichokula. Chini ya hapo, hata ale kutwa nzima, atazidi kupungua.

Hei ndiyo njia ya kuyawahi majani kabla hayajafika huko: unayakata yakiwa bado na rangi ya kijani, unayakausha juani siku mbili tatu, unayaweka. Na kwa upande wa jua, sisi wa Lubumbashi tumebarikiwa. Mvua hukatika mwezi wa nne, na kuanzia hapo hadi karibu na mwezi wa kumi huoni tone la maana. Wafugaji wa Masisi, juu ya Goma, wana malisho mazuri kuliko yetu na jibini inayojulikana nchi nzima, lakini kwao mvua haikai mbali muda mrefu na kukausha majani ni mashaka. Sisi tunaacha utajiri huu uteketee kwa moto kila mwaka, na inaniuma.

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni la vifaa. Watu wameona video za Waamishi wa Pennsylvania na Ohio huko Marekani, Wakristo wanaolima kwa farasi badala ya trekta: jozi ya farasi wakubwa wanavuta mashine ya chuma ya zamani, majani yanalala nyuma yao kama mkeka, hakuna kelele, hakuna mazuti (dizeli). Wanauliza kwa nini tusifanye hivyo hapa, hasa mazuti yakiwa bei tunayoijua. Ni swali zuri, na halistahili jibu la haraka. Tuziweke njia nne pamoja tuone ipi inamfaa nani.

Anza na kalenda

Chombo utakachochagua kitaamuliwa na siku ulizo nazo. Ukikata mwezi wa pili au wa tatu, mvua itayaozesha majani yakiwa chini. Ukikata mwezi wa saba, unakusanya mabua. Muda mzuri hapa kwetu unaanza katikati ya mwezi wa nne, mvua zinapokatika, na unakwisha kuelekea mwisho wa mwezi wa tano. Hizo ni wiki tano, sita ukibahatika. Kuna mbinu moja ya kuyafanya majani ya wiki hizo yawe bora zaidi: mwezi wa kwanza chungia ng'ombe sehemu unayotaka kuvuna, au ifyeke, kisha uifunge wasiingie tena. Majani yatachipua upya, na mvua zikikatika utayakuta yangali machanga huku ya jirani yameshatoa maua na kukakamaa.

Sasa hesabu. Ng'ombe wetu wa kilo 350 anakula kama kilo 9 za majani makavu kwa siku. Tuseme nusu atajitafutia mwenyewe na nusu utampa wewe: kilo 4 na nusu, weka 5 kwa sababu nyingine zitakanyagwa. Siku 150 za kiangazi, hiyo ni kilo 750 kwa kila kichwa. Ng'ombe 10 wanahitaji tani 7 na nusu. Ng'ombe 30 wanahitaji tani 22 na nusu. Majani ya asili yaliyotunzwa vizuri hutoa tani 2 hadi 3 za hei kwa hekta. Kwa hiyo mwenye ng'ombe 10 atakata hekta 3 au 4, na mwenye 30 atakata hekta 8 hadi 11. Ukipanda nyasi za Rhodes au Brachiaria na kuweka samadi, eneo linapungua sana, lakini hiyo ni habari ya mwaka wa pili. Tubaki na majani tuliyo nayo.

Mikono

Kwa fyekeo, mtu mmoja hodari anamaliza labda sehemu ya kumi ya hekta kwa siku, na majani yanatoka yamekatwakatwa na kutawanyika, kuyakusanya ni kazi ya pili. Kwa mundu majani yanatoka yamenyooka vizuri lakini mgongo unalipia. Kifaa cha mkono ambacho hapa hatukizoei ni ule mundu mkubwa wa mpini mrefu ambao wakulima wa Ulaya wametumia kwa karne nyingi. Mkataji anasimama wima, anazungusha kiuno, na ubao mwembamba wa chuma unateleza juu ya ardhi ukikata mstari mpana. Fundi wake aliyeuzoea hukata karibu ekari moja kwa siku, yaani sehemu nne za kumi za hekta: mara nne ya mwenye fyekeo. Siri yake ni makali. Ubao huo unanolewa kwa jiwe kila baada ya dakika chache, na jioni unagongwa kwa nyundo juu ya fuawe dogo mpaka ukingo uwe mwembamba kama karatasi. Chuma chake ni laini makusudi ili kigongeke, kwa hiyo usijaribu kuutengeneza kwa springi ya gari.

Kufunga nako hakuhitaji mashine. Tengeneza sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili, jaza majani, kanyaga, ongeza, kanyaga tena, funga. Utapata robota la kilo 20 hivi. Wafugaji wadogo wa Kenya wanafunga hivyo, na seremala yeyote wa Kenya ya hapa kwetu, ile komini ya Lubumbashi, atakutengenezea sanduku hilo kwa siku moja. Tani 7 na nusu ni marobota 375.

Kwa mwenye ng'ombe 10 au pungufu, namwambia waziwazi: usitafute mnyama wa kuvuta wala mashine ya kukatia. Watu wawili wenye miundu mirefu watakata hekta zako 4 kwa siku tano. Pesa ya mashine nunulia dawa ya kupe.

Farasi na mashine za zamani

Hapa ndipo moyo wa wengi ulipo, na nakiri mashine hizi zinastahili kupendwa. Cyrus McCormick alionyesha mashine yake ya kuvuna nafaka huko Virginia mwaka 1831. Mwaka 1902 kampuni yake iliungana na ya Deering na nyingine wakaunda International Harvester, na kampuni hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 1939 mashine ya kukatia majani iitwayo McCormick-Deering No. 9, ambayo hadi leo wanaotumia farasi Marekani wanaitafuta kuliko nyingine zote. Ilitengenezwa mpaka miaka ya mwanzo ya 1950. Giya zake zimefungwa ndani ya kasha lililojaa mafuta, ndiyo maana nyingi bado zinafanya kazi baada ya miaka zaidi ya 70.

Haina injini. Magurudumu mawili ya chuma yenye meno yanashika ardhi. Yakizunguka yanazungusha giya, giya zinazungusha gurudumu dogo zito, na gurudumu hilo linasukuma fimbo ya mbao inayokipeleka kisu kushoto na kulia kwa kasi. Kisu ni upau mwembamba uliopigiliwa kwa ribiti vipande vya pembetatu, na kinapita kati ya vidole vya chuma vinavyoyashika majani yasikimbie. Upau wenyewe unatoka upande wa kulia wa mashine, urefu wa futi 5, 6 au 7. Mwendeshaji ameketi juu ya kiti cha chuma, hatamu mikononi, mguu kwenye kanyagio la kuinua upau akiona jiwe.

Jozi ya farasi wazuri inatembea kilomita 4 kwa saa bila kuchoka haraka. Kwa upau wa futi 5, ukitoa muda wa kugeuka, kupumzisha wanyama na kubadilisha kisu, unapata hekta 2 na nusu hadi 3 kwa siku. Hekta 10 zinakwisha kwa siku nne. Hakuna njia ya mnyama inayoifikia hiyo.

Baada ya kukata kuna familia nzima ya vifaa: mashine ya kupindua majani yakauke pande zote, reki ya kukusanya mistari, kipakizi kinachofuata nyuma ya gari na kuyapandisha majani juu. Kwa jua letu la mwezi wa tano, ya kupindua sioni kazi yake. Majani yaliyokatwa asubuhi yanakauka yenyewe kufikia kesho yake jioni, au keshokutwa. Kipakizi nacho ni kizito na kinataka gari kubwa. Lakini kuna kifaa kimoja cha Montana, huko Marekani, ambacho kingetufaa kabisa. Wakulima wa bonde la Big Hole walitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 mteremko mkubwa wa magogo, ambao juu yake wanyama wanavuta rundo la majani kwa kamba mpaka lifike kileleni na kuangukia upande wa pili. Hivyo wanapanga lundo refu la hei bila kufunga hata robota moja. Sisi ambao hatuoni mvua miezi mitano, lundo lililopangwa vizuri na kuchongwa juu litasimama nje hadi mwezi wa kumi bila bati, na magogo si kitu tunachokikosa.

Basi kwa nini siwaambii watu wanunue farasi?

Kwanza ni ugonjwa. Tauni ya farasi ya Afrika huenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Virusi vyake ni vya aina 9, na farasi asiye na kinga akiupata, uwezekano wa kufa unaweza kupita asilimia 90. Mashimo yaliyo juu ya macho yanavimba, povu linatoka puani, na mara nyingi ni siku chache tu. Chanjo ipo, inatengenezwa Afrika Kusini, na inatakiwa kurudiwa kila mwaka na kufika hapa ikiwa baridi njia nzima. Ukiongeza ndorobo wa misitu ya miombo na ugonjwa wa nagana wanaouleta, ambao farasi anauvumilia kidogo kuliko ng'ombe, utaelewa kwa nini nchi ya Ubelgiji, yenye farasi wa Brabant ambao ni kati ya wenye nguvu zaidi duniani, ilitutawala miaka yote ile na farasi wa kazi hakuzoeleka mashambani mwetu.

Pili ni chakula. Farasi wa kuvuta wa kilo 700 anakula kilo 14 za hei kwa siku, na siku za kazi ongeza mahindi. Jozi moja kwa kiangazi cha siku 150 inamaliza tani 4 na kidogo. Angalia tena hesabu ya juu: hiyo ni zaidi ya nusu ya hei ya ng'ombe 10. Utakuwa unakata hekta mbili kwa ajili ya wakataji wenyewe. Waamishi hawaoni tabu kwa sababu farasi haohao wanalima, wanapanda, wanavuna mahindi, wanasomba samadi, mwaka mzima wako kazini. Kwako, kama kazi ya farasi ni hei tu, watafanya kazi siku kumi na kula siku 365.

Tatu, matandiko. Farasi hasukumi kwa shingo. Anasukuma kwa bega, ndani ya kola iliyopimwa kwa mwili wake. Kola ikiwa kubwa kwa vidole viwili tu bega linachubuka, na farasi mwenye kidonda begani hafanyi kazi wiki nzima. Vilevile mashine ya kukatia haina breki. Wanyama ndio wanaoizuia kwenye mteremko, kwa mikanda inayopita nyuma ya mapaja na kuunganishwa na mti wa katikati. Mafundi wa ngozi tunao, lakini kuwafundisha kola ya farasi kunabaki kuwa kazi yako.

Ninayemshauri aende na farasi ni mmoja tu: yule ambaye tayari anao, anajua kuwachanja, anawaingiza bandani kabla jua halijazama ili visubi wasiwakute nje. Farasi wa kupanda hawezi kuvuta upau wa futi 6 kutwa, lakini jozi yao wakifundishwa taratibu itavuta reki bila shida, na wenye farasi mjini wanaolipia hei kila mwezi wangeweza kujivunia yao wenyewe.

Maksai kwenye mashine ileile

Maksai unawatoa katika kundi lako. Dume aliyehasiwa, akianza kufundishwa akiwa na miaka miwili au mitatu, anakuwa mvutaji mzuri, na akizeeka anauzwa nyama kwa bei nzuri. Magonjwa yake unayajua, mganga wa mifugo wako anayajua, dawa zinapatikana mjini. Nira ni kipande cha mti. Ng'ambo ya Kasumbalesa, wakulima wa kusini mwa Zambia, pande za Monze na Mazabuka, wanalima kwa maksai tangu enzi za babu zao. Ukitaka kijana wa kufundisha wanyama, huko ndiko kwa kutafuta.

Tatizo la maksai ni mwendo. Kumbuka kisu kinapata kasi yake kutoka kwenye magurudumu. Farasi akitembea kilomita 4 kwa saa kisu kinakata safi. Maksai wa kilomita 2 na nusu au 3 wanakifanya kisu kitafune badala ya kukata, majani yanaviringika mbele ya upau na kuziba. Kuna matoleo ya mashine hizi yenye giya za kasi zaidi, na ndiyo ya kuulizia kama wavutaji wako ni maksai. Njia nyingine ni kigari cha mbele chenye injini ndogo: wanyama wanavuta tu, injini inaendesha kisu. Kampuni za Waamishi kama I&J na Pioneer hutengeneza vigari vya kuvutwa na wanyama, na wazo la kuongeza injini si gumu kwa karakana ya hapa.

La pili ni nguvu. Mnyama anayefanya kazi kutwa anavuta kwa uhakika kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Maksai wetu wa kilo 400 ni karibu nusu ya farasi wa Brabant. Usimfunge kwenye upau wa futi 6. Tafuta wa futi 4, au uwe na jozi mbili zinazopokezana saa mbili mbili. Kwa mpango huo utakata hekta moja kwa siku, labda na robo. Hekta 10 kwa siku kumi: bado uko ndani ya wiki zako tano, na hukununua lita ya mazuti.

Kwa mwenye ng'ombe 15 hadi 40, hii ndiyo njia ninayoiona bora, kwa sharti kwamba maksai hao watalima pia mwezi wa kumi na moja na kusomba maji, kuni au mahindi katikati ya mwaka.

Trekta

Hapa sina mengi. Trekta yenye mashine ya kukatia ya mita 2 inamaliza hekta 10 kwa siku moja au mbili, na ya kufunga marobota inamaliza siku inayofuata. Kama una ng'ombe 60, au unataka kuuza hei mjini, kopa, nunua, au ungana na jirani. Shida ya kukodi ni kwamba siku unayoihitaji wewe ndiyo kila mtu anaihitaji, na trekta iliyoahidiwa mwezi wa nne ikifika mwezi wa sita unakuwa umelipia mabua. Pia mashine ya kufunga ina vidole vya kupiga mafundo ambavyo vikiharibika, fundi wa kuvielewa si wa kila mtaa.

Jambo moja trekta inashindwa: dembo. Yale mabonde yasiyo na miti ndiyo yenye majani marefu na mazuri, na mwezi wa nne chini bado ni tope. Trekta inazama. Maksai wanapita, ingawa hata mashine ya kuvutwa na wanyama inaweza kuteleza magurudumu yake ya chuma kwenye tope na kisu kikasimama. Kwenye dembo la maji, mundu mrefu ndiyo mfalme.

Nunua reki kabla ya mashine ya kukatia

Watu wakifikiria hei wanafikiria kukata. Lakini mtu mmoja mwenye mundu mrefu akikata siku nzima, wa kumkusanyia kwa reki ya mkono wanahitajika wawili. Kazi kubwa imejificha hapo, na ndipo mnyama anapolipa haraka zaidi.

Reki ya kuvutwa ndiyo mashine rahisi kuliko zote: ekseli moja, magurudumu mawili makubwa, safu ya meno marefu yaliyopinda yenye upana wa mita 2 na nusu hadi 3, kiti, na kanyagio. Wanyama wanatembea, meno yanakokota majani. Yakijaa unakanyaga, meno yananyanyuka, majani yanabaki chini, unaendelea. Hakuna giya, hakuna kisu, mwendo wa pole wa maksai haudhuru lolote. Hata punda wawili wanaivuta, na punda anaivumilia tauni ya farasi kuliko farasi mwenyewe.

Na hii inatengenezeka hapa. Lubumbashi ni mji wa chuma na shaba. Mafundi waliopita karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na vijana waliofundishwa nao, wanajua kukata, kuchomelea, kupinda chuma cha springi na kuchonga bushi za bronzi. Mpelekee fundi mchoro wa vipimo. Meno yawe ya chuma cha springi, kwa sababu cha kawaida kitanyooka siku ya kwanza, na kila jino lining'inie peke yake ili likipanda juu ya kisiki mengine yabaki chini.

Kusanya asubuhi, umande ukishakauka lakini majani hayajawa makavu ya kuvunjika. Mchana wa jua kali majani mapana yanapukutika, unabaki na vijiti, na lishe imebaki shambani. Kabla ya kurundika, chukua konzi ya majani kutoka chini ya mstari, yasokote mkononi kama unataka kukamua. Yakitoa unyevu, au ukisugua fundo la bua kwa ukucha likawa laini na kijani, acha kwanza. Mwenye shaka aweke vipande ndani ya chupa kavu yenye chumvi kidogo, atikise dakika mbili: chumvi ikiganda, bado. Hei iliyorundikwa na unyevu unaozidi asilimia 20 inachemka yenyewe ndani, inaota ukungu, na inaweza kuwaka.

Moto wa nje ni hatari kubwa zaidi. Kuanzia mwezi wa sita kila mtu anachoma: wawindaji, wachoma makala (mkaa), wanaosafisha shamba. Lima kwa jembe mkanda mtupu kuzunguka lundo, mita 10 kwa uchache, na gawanya hei yako katika malundo mawili yaliyo mbali.

Ardhi yenyewe

Kabla ya upau wowote kuingia, iwe wa farasi, maksai au trekta, tembea shamba lote kwa miguu majani yakiwa mafupi. Vichuguu vikubwa vya kwetu unavizunguka tu, vinaonekana kutoka mbali na udongo wake ni mzuri kwa matofali. Vinavyovunja mashine ni vile vidogo vigumu vya urefu wa goti, vilivyojificha ndani ya majani, pamoja na visiki vya miti iliyokatwa kwa ajili ya makala. Kimoja tu kinatosha kupasua kidole cha upau. Ving'oe, visawazishe, na ambavyo haviwezekani pigia mti mrefu wenye kitambaa. Kazi hii ya kiangazi cha kwanza ni ndefu, lakini haijirudii.

Ukipata mashine ya zamani ya kununua

Huenda ikatoka Zambia, Afrika Kusini, au ikaja ndani ya kontena kutoka mbali zaidi. Usiangalie rangi. Fungua kasha la giya utumbukize kidole: mafuta machafu ni sawa, maji na kutu si sawa. Shika ncha ya nje ya upau, inua na uivute mbele na nyuma. Ikicheza sana viungo vimeisha. Upau ukiwa chini, ncha yake ya nje itangulie mbele kidogo kuliko sehemu ya ndani, karibu sentimita 2 kwa kila mita, kwa sababu majani yakianza kusukuma itarudi nyuma na kunyooka. Ikiwa imeshabaki nyuma kabla ya kuanza, kisu kitakata kwa kupinda na fimbo itavunjika. Kisha zungusha gurudumu dogo kwa mkono taratibu: mwisho wa kila mwendo, katikati ya kila pembetatu iwe katikati ya kidole. Mwisho weka karatasi kati ya kisu na kidole, zungusha, uone kama inakatwa au inakunjwa.

Fimbo ya mbao ikiwa imepasuka, usiihesabu kuwa kasoro. Yeyote anaweza kuichonga tena kwa mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, na chonga tatu kwa mpigo. Pembetatu za kisu nazo zinapatikana, kwa kuwa nafasi ya inchi 3 kati yake imebaki kipimo kilekile hata kwenye mashine nyingi za kisasa za kuvuna. Beba moja ukiulizia vipuri, ulinganishe na matundu ya ribiti. Lakini giya iliyovunjika meno, au kasha lililopasuka na kuchomelewa, hapo rudisha pesa mfukoni na umuulize muuzaji kama ana reki.